Mganga Hajigangi: Nani Huipima Maabara Inayompima Mtoto Wako?

Kama unatusikiliza ukiwa jikoni, punguza moto kidogo. Kama unasoma haya kwenye kijitabu, vuta kiti tuzungumze kana kwamba tumekaa pamoja kwenye benchi la kliniki tukingoja zamu.

Leo nina swali moja tu. Mtoto wako anapochomwa kidole, damu ikaingia maabara, na baada ya nusu saa karatasi ikatolewa dirishani imeandikwa kwamba ana malaria, ni nani aliyehakikisha kwamba maabara hiyo inasema kweli?

Nianze na yaliyotokea katika familia yetu. Miaka kadhaa iliyopita, binti ya dada yangu alipata homa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Wanaishi Kawangware, na mtoto hakuwa ametoka Nairobi tangu azaliwe. Dada yangu alimpeleka kwenye kliniki moja ndogo karibu na stage. Damu ikapimwa, akaambiwa ni malaria. Akapewa dawa. Homa ikapungua, ikarudi. Akapimwa tena: malaria. Wiki tatu baadaye, mara ya tatu: malaria. Ndipo aliponipigia simu. Nilimwambia ampande matatu ampeleke mtoto hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Huko damu ilipimwa upya, vimelea vya malaria havikuonekana hata kimoja. Wakapima mkojo. Mtoto alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa majuma yote hayo alikuwa akinywa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Baadaye nilipita kwenye kliniki ile. Sikwenda kugombana. Mimi ni muuguzi wa jamii, najua kazi ni nyingi na mikono ni michache. Nilimuuliza tu kijana wa maabara, "Ndugu yangu, ninyi hupimwa na nani?" Akacheka. Akaniambia, "Sista, sisi ndio tunapima."

Mama, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya leo. Wazee walisema mganga hajigangi. Maabara nayo haiwezi kujipima peke yake ikajipa alama.

MIZANI YA BUCHA

Ukienda soko la Kangemi kununua nusu kilo ya nyama, unaiamini mizani ya bucha. Huna mizani nyingine kwenye kikapu. Ndiyo sababu serikali ina maafisa wa vipimo na mizani. Afisa huja na mawe yake ya chuma ambayo uzito wake unajulikana. Huweka jiwe la kilo moja juu ya mizani. Ikisoma kilo moja, mizani hupigwa muhuri. Ikisoma vingine, haifai kutumika mpaka irekebishwe.

Angalia jambo moja hapo. Afisa hamuulizi mwenye bucha kama mizani yake iko sawa. Hata mwenye bucha akiwa mtu mwaminifu, mcha Mungu, anayekupa mfupa wa supu bure, mizani yake inaweza kuwa imelegea bila yeye kujua.

Maabara ni mizani. Nayo hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Kituo kilicho nje ya maabara hutayarisha sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Inaweza kuwa slaidi ya damu yenye vimelea vya malaria, au isiyo navyo. Inaweza kuwa damu ambayo kiwango chake cha hemoglobini kinajulikana, yaani kile kipimo cha kuonyesha kama mtu ana upungufu wa damu. Sampuli hizo hutumwa kwa maabara nyingi kwa wakati mmoja, bila majibu. Kila maabara hupima, huandika ilichoona na kurudisha. Kituo hulinganisha majibu, kisha hutuma ripoti: hapa mmepata, hapa mmekosa, rekebisheni hivi. Wataalamu huita kazi hii tathmini ya nje ya ubora. Mimi na wewe tuiite mtihani wa maabara.

Maabara nzuri pia hujikagua yenyewe kila siku kabla ya kuanza kazi. Hilo ni jambo jema na la lazima. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na ndiyo maana jicho la nje linahitajika.

MTIHANI WA KWANZA

Jambo hili halikuanza zamani sana. Mwaka 1946, huko Pennsylvania nchini Marekani, daktari F. William Sunderman na mwenzake Belk walitaka kujua kama hospitali zinapata majibu yanayofanana. Walitayarisha sampuli za kupima vitu vya kawaida kama sukari, protini na hemoglobini, wakazituma kwa maabara 59 za hospitali. Kumbuka, hizi zilikuwa hospitali za nchi tajiri, zenye wasomi na vifaa.

Walipoyachapisha matokeo mwaka 1947, watu walishangaa. Majibu mabaya yalikuwa mengi kuliko yale ya kuridhisha. Chupa zilizotoka mkono mmoja zilipewa majibu yaliyopishana sana. Mwaka 1953 madaktari Wootton na King walifanya uchunguzi kama huo Uingereza, nao wakaona tofauti kubwa kati ya maabara na maabara. Kufikia mwaka 1969 Uingereza ilikuwa imeanzisha mpango wa kitaifa wa kuzipima maabara zake.

Funzo la mitihani hiyo ni hili. Wale wapimaji hawakuwa wavivu wala waongo. Makosa yao yalikuwa yamejificha, na hakuna aliyeyaona mpaka mtu wa nje alipoleta jiwe lake la kilo moja.

DAMU TUNAYOONGEZWA

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kenya somo hili tulilipata kwa uchungu, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa akina mama na watoto. Unajua mwenyewe ni nani huongezwa damu sana katika hospitali zetu. Ni mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua, na mtoto mdogo ambaye malaria imemmaliza damu.

Virusi vya Ukimwi vilitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Miaka iliyofuata hospitali zilianza kuipima damu kabla ya kumwongeza mgonjwa. Watu wakapumua. Lakini mwaka 1994 watafiti walikwenda katika hospitali 6 za serikali, wakaichunguza upya damu iliyokuwa imeshapimwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Walikadiria kwamba asilimia 2 ya kuongezwa damu kulipitisha virusi hivyo. Yaani katika kila watu 100 walioongezwa damu ili wapone, wawili walikuwa katika njia ya kuambukizwa.

Ilikuwaje, na damu ilikuwa imepimwa? Watafiti walisema sehemu kubwa ya maambukizi hayo ingeweza kuzuiwa kwa mambo rahisi: kuweka kumbukumbu vizuri, kutunza mashine, kufuata taratibu, na kuwa na mpango wa kuhakikisha ubora. Kipimo kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukikagua kipimo.

Kisha ikaja tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, katikati ya jiji. Watu zaidi ya 200 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima walivyokaa kando ya redio, na habari za Wakenya waliopanga foleni kutoa damu. Siku zile nchi nzima iliona kwamba hatukuwa na mahali pamoja pa kukusanya, kupima na kutunza damu salama. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kwa msaada uliotolewa baada ya shambulio hilo, vituo vya damu vya mikoa vilijengwa, cha Nairobi kikiwemo, na huduma ya kitaifa ya damu ikaundwa. Damu ikaanza kupimwa na vituo vichache vyenye wataalamu wanaoweza kukaguliwa, badala ya kila hospitali kupima yake kivyake.

SLAIDI ZA MALARIA

Labda unasema, "Sista, hayo ni ya damu ya kuongezwa. Mimi hupimiwa mtoto malaria tu." Basi sikiliza hili.

Mwaka 2006 watafiti wa hapa Kenya walichapisha uchunguzi kuhusu slaidi za malaria katika vituo vya afya vya kawaida. Walizichukua slaidi za wagonjwa wa miaka 5 na zaidi, wakazisoma upya kwa makini, kisha wakalinganisha na majibu ambayo wagonjwa walikuwa wamepewa. Katika kila majibu matano yaliyosema "ana malaria", karibu manne hayakuwa kweli. Na kwa upande mwingine, katika kila watu kumi waliokuwa na vimelea kwa hakika, karibu watatu waliambiwa hawana.

Mama, yafikirie makosa hayo mawili. La kwanza ni lile la mpwa wangu: mtoto anapewa dawa ya malaria, na ugonjwa wenyewe, uwe nimonia au maambukizi ya mkojo, unaendelea kumla taratibu. La pili ni baya vilevile: mtoto aliyetoka kuwatembelea babu na nyanya Busia au Siaya ana malaria kweli, anaambiwa hana, anarudishwa nyumbani Kangemi na homa yake.

Ujue pia kwamba jiji la Nairobi liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haiwapi nafasi nzuri mbu wa malaria. Watoto wengi wa Nairobi wanaopatwa na malaria waliipata safarini. Kwa hiyo mtoto ambaye hajatoka Nairobi akipatikana na malaria mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, hapo pana swali la kuuliza.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Ushauri huo ni mzuri, lakini unasimama juu ya kipimo. Kipimo kikiwa kibovu, ushauri wote unaanguka.

SLAIDI ZINAZOSOMWA MARA YA PILI

Upande wa kifua kikuu kuna njia nyingine ya mtihani ambayo naipenda kwa sababu ni rahisi kuielewa. Vijidudu vya kifua kikuu viligunduliwa na Robert Koch, tangazo lake akalitoa Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kwa zaidi ya miaka 100 kipimo chetu kikubwa kilikuwa kuyapaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi na kuyatazama kwa darubini. Darubini ikiwa na vumbi, au macho yakiwa yamechoka, vijidudu hupita bila kuonekana.

Mwaka 2002 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kuzikagua maabara hizo. Slaidi zilizokwisha kusomwa hazitupwi. Huhifadhiwa kwenye sanduku. Baada ya miezi kadhaa msimamizi hufika, huchagua slaidi chache bila kuangalia majibu yake, huzipeleka kwa msomaji mwingine ambaye naye hajui wa kwanza aliandika nini. Wawili hao wakitofautiana, msomaji wa tatu huamua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mpimaji hawezi kujua mapema ni slaidi gani itakayochukuliwa. Kwa hiyo inambidi aisome kila slaidi kana kwamba ndiyo ya mtihani. Hiyo slaidi inaweza kuwa ya kondakta, ya mwalimu, au ya yule jirani anayekohoa na ambaye hukubebea mtoto ukienda dukani. Mtoto mdogo mara nyingi huambukizwa kifua kikuu na mtu mzima wa karibu. Slaidi ya mtu mzima ikisomwa vizuri, mtoto wako amekingwa.

Baada ya 2010 mashine ya GeneXpert ilianza kutumika, na sasa imechukua nafasi ya darubini mahali pengi. Usidhani mashine haihitaji mtihani. Mashine nayo hutumiwa sampuli zake ili ionekane kama inasema kweli.

VITUO VIDOGO NAVYO

Kwa miaka mingi mitihani ya namna hii ilikuwa ya maabara kubwa. Zahanati ndogo, yenye darubini moja na mpimaji mmoja, haikumkumbuka mtu. Nayo ndiyo ambayo mama wa Gichagi au Riruta huifikia kwanza kwa miguu.

Katika miaka ya 2000, wizara za afya za Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar zilishirikiana na AMREF kuanzisha mpango wa kanda wa Afrika Mashariki wa kuvipima vituo kama hivyo. AMREF ni lile shirika la Madaktari Warukao, lililoanzishwa mwaka 1957, lenye makao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Siku hizi linaitwa Amref Health Africa. Mpango ule ulilenga vipimo vya kila siku: malaria, kifua kikuu, upungufu wa damu na vingine vinavyofanywa kwenye vituo vya chini. Uliwahusisha pia wanaotibu, si watu wa maabara peke yao, kwa maana jibu sahihi halimsaidii mtoto kama anayeandika dawa hajui kulitumia.

SIKU NILIYOANGUKA MTIHANI

Sasa nikuambie habari yangu mwenyewe, usije ukadhani nimekuja kuwasema wengine.

Kuanzia miaka ya 2000 upimaji wa virusi vya Ukimwi ulitoka ndani ya maabara ukaja mpaka kwenye vyumba vya ushauri na kliniki za wajawazito. Sisi wauguzi tukaanza kupima kwa tone la damu la kidole. Basi mtihani ukatufuata na sisi. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walieleza njia rahisi ya kutengeneza sampuli za mtihani huo: tone dogo la sampuli hutiwa rangi ya kijani na kukaushwa ndani ya kijichupa. Likikauka halihitaji barafu, hata likisafirishwa siku kadhaa. Mpimaji huongeza matone ya maji maalumu, huliacha lilowe, kisha hupima kama anavyompima mtu. Maabara ya kitaifa ya virusi vya Ukimwi, iliyo Nairobi, ilikuwa ikituma vijichupa hivyo kwa wapimaji kote nchini.

Siku moja vyangu vilifika. Ilikuwa siku ya kliniki, akina mama wamejaa mpaka nje, mtoto mmoja analia, mwingine anatapika. Nikapima haraka haraka. Kile kipimo kilitakiwa kingojewe dakika 15 kabla ya kusomwa. Sikungoja. Niliona mstari mmoja, nikaandika hakuna virusi, nikageukia mama aliyefuata. Mstari wa pili, ule hafifu, ulikuwa bado haujatokea.

Ripoti iliporudi ilisema matokeo yangu hayakubaliki. Nilitokwa na machozi. Niliona aibu mbele ya wenzangu. Lakini sista mkuu wetu alinifungia mlango, akaniketisha, akasema, "Hii si kesi, ni dawa. Sasa tuambie ulifanyaje." Nikamweleza. Akaninunulia saa ndogo ya mezani kwa pesa zake mwenyewe. Nikafundishwa upya. Mtihani uliofuata nilipita.

Kilichoniuma zaidi si ile ripoti. Ni swali lililokuja usiku: je, ni akina mama wangapi niliowasomea mapema kama nilivyoisoma ile sampuli? Tulifungua rejista, tukawaita waliopimwa majuma yale warudi wapimwe tena. Waliorudi, majibu yao hayakubadilika. Mmoja simu yake haikupatikana, na nyumba tuliyoelekezwa alikuwa ameshahama. Mpaka leo ninapokaa kupima, huiweka ile saa mezani, na humkumbuka yule mama.

Kama nisingepewa mtihani ule, ningeendelea kukosea kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna mama ambaye angeweza kunigundua. Nami nisingejigundua.

SHERIA, NYOTA NA CHETI

Je, kuna sheria? Ndiyo. Mwaka 1999 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyounda bodi ya wataalamu wa maabara za kitabibu, inayojulikana kama KMLTTB. Kila anayefanya kazi ya maabara anatakiwa asajiliwe, na maabara yenyewe isajiliwe.

Mwezi Julai 2009, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika lilizindua mpango wa kuzipandisha maabara hatua kwa hatua kwa nyota, kutoka sifuri hadi tano. Mkaguzi huangalia mambo mengi, na moja ni kama maabara hushiriki mtihani wa nje na hufanya nini inapoanguka. Juu zaidi kuna ithibati ya kimataifa iitwayo ISO 15189, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Hapa Kenya ithibati hutolewa na KENAS. Ukiona cheti hicho kimetundikwa na tarehe yake haijapita, ujue maabara hiyo imekaguliwa na wa nje.

Lakini nisikudanganye. Mtihani si kinga ya kila kosa. Kuna wanaozipima sampuli za mtihani kwa uangalifu wa pekee, halafu za wagonjwa wakazipima mbio mbio. Na mtihani hauwezi kugundua chupa iliyoandikwa jina la mtoto mwingine. Hapo jicho linalohitajika ni lako.

WEWE MAMA UFANYE NINI?

1. Uliza kwa upole. Sema, "Samahani daktari, maabara yenu hushiriki ule mtihani wa ubora wa nje?" Kuuliza si ujinga, wala si matusi. Mpimaji anayeshiriki atafurahi kukuonyesha.

2. Tazama ukutani. Tafuta cheti cha usajili wa maabara na leseni ya mwaka huu, si ya mwaka uliopita.

3. Angalia jina. Kabla chupa au slaidi haijaondoka mbele yako, hakikisha imeandikwa jina la mtoto wako.

4. Omba majibu kwa maandishi, yenye tarehe. Yahifadhi pamoja na kile kijitabu cha kliniki cha mtoto. Ukienda hospitali nyingine, yabebe.

5. Mweleze anayetibu habari za safari. Mtoto alitoka Nairobi lini? Alikwenda wapi?

6. Akitumia dawa vizuri na asipate nafuu katika siku mbili au tatu, mrudishe. Usinunue tena dawa ile ile dukani. Majibu ya ugonjwa mmoja yakirudi mara kwa mara, omba kipimo kirudiwe mahali pengine. Akiwa anapumua kwa shida, anatapika kila kitu, ana degedege au hawezi kunyonya, usingoje siku ya pili. Kimbia hospitali.

7. Ukiwa mjamzito, kubali kupimwa tena virusi vya Ukimwi unapoambiwa urudie, hata kama mara ya kwanza ulikuwa salama. Na ukipatikana navyo, kipimo hurudiwa kabla ya dawa kuanza. Huko kurudia hakumaanishi kwamba hawakuamini. Ni kuhakikisha.

8. Usimdharau mpimaji aliyekwambia, "Ngoja dakika 15." Anakulinda. Usimwambie akuharakishie.

Mama, mpwa wangu sasa ni msichana wa shule, ana mbio kuliko watoto wote wa ploti yao. Alipata bahati ya kufika mahali palipopimwa vizuri. Nataka mtoto wako asihitaji bahati. Juma hili, ukipeleka mtoto kliniki, liulize lile swali langu dirishani: "Na ninyi hupimwa na nani?" Ukipata jibu zuri, mwambie na jirani yako.